Mnyapara wa Ghala la Pamba

Haya yalinitokea mimi mwenyewe, mjini Bariadi, nikiwa na akili zangu timamu, na pombe sijaionja maishani. Nilifundisha shule ya msingi miaka tisa kabla ya kuingia kwenye kazi ya video, kwa hiyo tofauti ya kuota na kuona naijua vizuri. Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi, halafu unisikilize.

Wakati huo Bariadi ilikuwa bado ndani ya mkoa wa Shinyanga. Biashara ilikuwa imefunguliwa. Kila mwenye gari alinunua pamba, na kila mwenye meza aliuza dawa ya pamba. Chama cha ushirika kilikuwa kimelala na maghala yake yanapangishwa kwa yeyote. Nilipanga ghala moja, mbele nikapokea kazi za harusi, nyuma nikapanga kompyuta sita kuukuu ambazo ofisi zilikuwa zimezichoka.

Kazi kubwa niliyokuwa nayo ilikuwa filamu ya katuni, dakika kumi na mbili, ya kuwaonyesha wakulima namna ya kupima na kupulizia dawa ya funza wa vitumba. Unajua kwa nini niliikubali? Dawa ilikuwa inauzwa magulioni ndani ya chupa za soda, bila maandishi yoyote. Kaka yangu Maduhu, wa kule Kiloleli, aliikoroga kwa mkono mtupu, kisha akajifuta jasho la uso kwa mkono uleule. Macho yake hayajaona tena. Kwa hiyo shirika moja dogo la kanisa liliponiambia lina gari la kuonyesha sinema vijijini kabla watu hawajaanza kupulizia, sikuuliza maswali. Nilipewa wiki nne. Baada ya hapo filamu isingemsaidia mtu.

Sasa katuni za aina ile, kompyuta huzitengeneza picha moja moja, na sekunde moja tu inataka picha ishirini na tano. Sisi huita kurenda. Kompyuta yangu moja ingemaliza kwa miezi mitatu, ndiyo maana nikaweka sita zigawane. Zote nilizipa mfumo endeshi ule ambao kila mtu ameuzoea, lakini nakala ya kuazimana, iliyopita mikono mingi na kuokota virusi njiani. Kila mashine nikaipa fungu lake la picha, hii elfu tatu za mwanzo, ile elfu tatu zinazofuata, hivyo hivyo hadi ya sita.

Niamini, niliteseka. Kila alfajiri nilikuta mbili zimeganda, nyingine inaningoja nibonyeze kitufe. Skrini nilikuwa nazo mbili tu, nikawa nazihamisha kutoka mashine hadi mashine kama mtu anayebeba taa. Wiki ya kwanza iliisha nikiwa na picha chache za kusikitisha. Binamu yangu anayesoma Dar es Salaam alikuwa ameniachia sahani za CD zenye Linux, mfumo endeshi mwingine wa bure, pamoja na karatasi za maelezo, akanisihi nizijaribu. Niliziweka kwenye droo. Linux sikuijua, na Bariadi nzima nisingepata wa kumuuliza nikikwama.

Alfajiri moja ya mvua nilifika kama saa kumi na moja, nikafungua kufuli kubwa, nikaingia. Katikati ya ghala, pale ambapo sakafu imelika kwa sababu mizani ya ushirika ilisimama hapo miaka mingi, alikuwapo mzee mrefu wa kaptula ya kaki, kiunoni amejifunga kamba ya katani.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimu.

"Mwangaluka, baba," nikamjibu kabla sijawaza lolote. Mtu akikusalimu kwa Kisukuma alfajiri na kukuita mayu, mama, mdomo unajibu wenyewe. Nikajiambia ameingia nyuma yangu kukimbia mvua.

Akauliza vibarua hawa sita ni wa nani, maana wananguruma lakini hawabebi. Alimaanisha kompyuta, feni zake zilikuwa zinavuma. Nikacheka, nikamweleza kwamba kila mmoja ana fungu lake. Hakucheka. Akauliza mnyapara wao ni nani. Nikasema hawana mnyapara, niko mimi tu.

"Umewagawia mizigo kabla hujazijua nguvu zao," akasema polepole. "Rundo liwe moja, mayu. Mwenye mikono mitupu achukue gunia linalofuata. Akianguka, gunia lake lirudi kwenye rundo."

Nikageuka kuegemeza mwavuli ukutani. Nilipotazama tena, hayupo. Sakafuni zilikuwapo nyayo zangu zenye tope, toka mlangoni hadi niliposimama. Za kwake hazikuwapo hata moja.

Utaniuliza kwa nini sikukimbia. Nilitaka. Lakini yale maneno yalikuwa yameshaniingia kichwani, na yalikuwa ya kweli. Mashine dhaifu nilikuwa nimeipa mzigo sawa na yenye nguvu, na ikianguka inalala na mzigo wake wote. Nikafungua droo, nikatoa sahani za Linux.

Siku ile nzima nilishinda na kamusi ya Kiingereza mapajani. Mashine yenye afya kuliko zote niliifanya mnyapara. Picha zote zikakaa kwake kwenye rundo moja, na nikaandika maagizo mafupi: mashine isiyo na kazi ichukue namba inayofuata, iweke alama kwamba imeichukua, na alama ikikaa nusu saa bila picha kurudi, namba hiyo irudi kwenye rundo. Programu ya kuchorea ilikubali kufanya kazi kwenye Linux bila ugomvi. Kilichonishinda ni zile nyingine tano. Tatu diski zake zilikuwa zinakwaruza na kukataa kupokea chochote.

Kesho yake alfajiri alikuwa pale pale. Safari hii nilimsalimu mimi kwanza. Nikamwambia tatizo kama vile ningemwambia mtu yeyote. Akanisikiliza, mikono nyuma.

"Kwani kibarua huja kazini na nyumba yake mgongoni?" akaniuliza. "Aje na mikono. Chakula chake kiko kwa mnyapara."

Nikakumbuka kitu. Kwenye karatasi za binamu yangu palikuwa na ukurasa niliouruka, unaoeleza kwamba Linux inaweza kuwaka kwenye mashine isiyo na diski kabisa, ikivuta kila kitu kupitia waya kutoka kwa mashine kubwa. Nikazing'oa diski zote tano. Kila mashine nikaitengenezea flopi moja ndogo ya kuiamshia, basi. Hakuna madirisha, hakuna kitufe cha kubonyeza, hakuna haja ya skrini. Siku mbili nilihangaika na waya mmoja uliokuwa umetafunwa na panya. Nilipoubadilisha, tano zikaamka moja baada ya nyingine, na rundo likaanza kupungua mbele ya macho yangu.

Alfajiri iliyofuata nilimkuta ameinamisha kichwa, anasikiliza. Alikuwa anatabasamu. Akaniambia sasa wanabeba. Nikamwomba jina nijue wa kumshukuru. Akasema ni Luhende, kwake Sapiwi, karibu na lambo. Machozi yakanitoka, nikanyoosha mkono kumshika kwa shukrani. Akarudi nyuma haraka.

"Usinishike, mayu. Wewe bado una kazi."

Alichelewa kidogo. Ncha za vidole vyangu zilikuwa zimegusa mkono wa shati lake. Baridi niliyoisikia siwezi kuilinganisha na kitu. Nikapiga yowe, na hapakuwa na mtu mbele yangu.

Filamu iliisha siku mbili kabla ya gari kuondoka. Kiloleli ilionyeshwa uwanjani, na Maduhu aliketi mbele kabisa, binti yake akimsimulia kinachoonekana. Ilipokwisha akasimama mwenyewe, akawaambia watu wamtazame yeye vizuri, halafu wakanunue glavu.

Mimi nikaenda Sapiwi na sukari na kanga. Nilikuwa nimeshaelewa nakwenda kwa mtu wa namna gani, lakini shukrani ni deni la moyo, ningeipeleka wapi kwingine? Karibu na lambo nilimkuta bibi mmoja, Mbuke, anapepeta mtama. Nikamwambia nimeleta salamu za shukrani kwa mzee Luhende. Akaacha kupepeta. Akanionyesha kaburi nyuma ya zizi, nyasi zimeshalizoea. Alikuwa mume wake, mnyapara wa ghala la ushirika Bariadi. Rundo la magunia lilimwangukia likamvunja mguu, akaishi nao miaka miwili ya maumivu, kisha akafa.

Nikamsimulia yote. Hakushtuka, wala hakuniita mwongo. Aliuliza jambo moja tu.

"Ng'wanone, mwanangu, alikuwa bado anachechemea?"

Nikakumbuka alivyorudi nyuma nilipomnyooshea mkono, hatua mbili nyepesi, miguu yote miwili imara. Nikamwambia hapana, mayu, hachechemei kabisa. Bibi Mbuke akafunika uso kwa ile kanga niliyomletea, akalia kwa muda mrefu. Alipoufunua alikuwa na uso mwingine, kama mtu aliyelala vizuri usiku. Akanishukuru, mimi niliyekwenda kushukuru.

Vidole vitatu vya mkono wangu wa kulia ni vya baridi hadi leo. Nimekwenda hospitali mara nyingi, hawaoni kitu. Kipanya cha kompyuta nakishika kwa mkono wa kushoto, na wanangu wananicheka. Silalamiki. Lakini wewe unayenisikiliza, ukifungua mlango alfajiri ukamkuta mtu usiyemjua, msalimu kwa heshima, msikilize mpaka mwisho, umshukuru kwa mdomo. Mkono usimpe.