Joto Ndani ya Oti

Mimi ni mbishi, na ubishi wangu nusura utumalize. Msimu ule, hapa Mabawe, nilijaribu mbegu mbili za oti, nafaka tunayoikata ikiwa bado mbichi na kuianika iwe chakula cha ng'ombe wakati wa kiangazi. Moja ilikuwa fupi, mashina membamba. Nyingine ndefu, mashina manene kama kidole cha mwisho. Mama mkwe, ninayeishi naye, aliniambia nichukue nyembamba kwa kuwa inakauka upesi. Nikaona anajisemea tu. Nilitaka mzigo mkubwa, kwa hiyo nikapanda ile nene shamba zima.

Nilikata, nikaanika siku tatu. Nilishika majani, yakapukutika. Mashina sikuyavunja nione kama ndani yamekauka. Nikapandisha yote darini, juu ya banda la ng'ombe wetu mwenye mimba. Banda na chumba cha mama vinatenganishwa na ukuta mmoja.

Baada ya wiki ikaanza kunukia harufu tamu, ile ya ndizi za pombe zikiiva shimoni. Nikasema moyoni, jirani ana sherehe. Siku mbili nainusa hivyo hivyo na kazi zangu naendelea nazo. Siku ya tatu, asubuhi, mama akauliza, "Nani anaivisha ndizi? Sijaona aliyekata mkungu."

Ndipo nikakumbuka lundo langu darini. Nilipanda ngazi, nikaingiza mkono kwenye lundo, nikautoa upesi. Ndani kulikuwa kunachoma: majani yakilundikwa na unyevu huchacha, yakapata joto hadi kuwaka yenyewe.

Jamani, niliogopa. Chini yangu ng'ombe alikuwa amelala, kwato za ndama zimeshatokeza. Tulimvuta kamba, akagoma kuinuka. Nikamsihi mama atoke nje. Akakataa, akapiga magoti nyuma ya ng'ombe. Basi nikarudi juu, nachota majani na kuyatupa uani. Nilivyozidi kufukua ndivyo yalivyozidi kuwa meusi, na moshi ukaniingia puani. Nililia kwa sauti, sioni aibu kusema.

Lundo likaisha. Ndama naye akatoka, jike, mzima. Tulikuwa mlangoni tunamtazama akijaribu kusimama, ndipo yale majani ya uani yakawaka yenyewe, moto mrefu kupita paa, wala hapakuwa na mtu wala kiberiti karibu.

Mama aliutazama, kisha akanitazama mimi.

"Mwanangu," akasema taratibu, "ungetuua."