Hamsini na Mbili Kutoa Thelathini na Nane

Siku ya semina ya hesabu, Mama Kikubwa aliamka na hasira zake, akazivaa pamoja na viatu.

"Mtu mzima na mvi zangu, naitwa nikafundishwe kutoa," alimwambia mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, aliyekuwa akipapasa mezani kutafuta miwani.

"Nenda tu, mama watoto. Labda watakufundisha kujumlisha. Kugawa ugomvi unajua tayari."

"Cheka. Siku nikikuchomelea huo mdomo utachekea wapi?"

Alikuwa na sababu. Kwenye kikao cha walimu, mkuu wa shule alitangaza kwamba baada ya semina huenda darasa la pili likapewa "damu changa". Hakutaja mtu, lakini macho ya wote yalimwendea mwalimu mgeni, binti aliyemaliza chuo juzi juzi, naye akainamisha kichwa kama aliyekamatwa na kitu cha wizi.

Darasa la pili lilikuwa la Mama Kikubwa kama jiko lilivyo la mpishi wake. Mara mbili alikataa unaibu mkuu kwa ajili yake. Aliwapenda watoto wa umri ule, wenye mapengo mbele, wanaoamini kila wanachoambiwa. Wale wa madarasa ya juu, wenye miguu mirefu na majibu mafupi, aliwaachia wengine. Angenyang'anywa hili angekabidhiwa funguo za stoo, agawe chaki hadi astaafu.

Jina lake lenyewe lilitoka darasani humo. Kila somo la kutoa lilianza kwa wimbo. Yeye aliuliza, "Kidogo hutolewa wapi?" nao wakajibu hadi mabati yakatetemeka, "Kwenye kikubwa!" Wakaguzi walipopita waliusifu. Wazazi waliujua. Akienda sokoni, vijana wenye ndevu walimwimbia, naye alijifanya kukasirika.

Semina ilifanyika katika chumba cha darasa la nne, walimu wazima wakiwa wamejibana kwenye madawati, magoti yakigusa videvu. Mwezeshaji alikuwa kijana mwenye sauti ya upole na boksi la vijiti, vilivyofungwa kumi kumi kwa mipira. Akaandika ubaoni hamsini na mbili, chini yake thelathini na nane. Kisha akabandika karatasi za watoto wa darasa la nne. Karatasi nyingi, jibu moja: ishirini na sita.

"Kumi na nne!" Mama Kikubwa aliruka. "Jibu ni kumi na nne! Nani anafundisha darasa la nne hapa?"

"Tulia, dada," mwalimu wa darasa la nne alijibu kwa uchungu. "Walinijia hivyo hivyo."

"Walikujia kutoka wapi? Mbinguni?"

Mwezeshaji aliomba aitwe mtoto mmoja. Akaingia msichana mwenye soksi zisizofanana. Alipomwona Mama Kikubwa, uso ulimchanua, akamwamkia yeye kwanza kabla hata ya mkuu.

"Tueleze ulivyofanya, mwanangu," mwezeshaji alisema.

"Mbili na nane, kikubwa ni nane. Natoa mbili, inabaki sita. Tano na tatu, kikubwa ni tano. Inabaki mbili." Akamgeukia Mama Kikubwa na kuongeza, kwa fahari ya mtoto anayelipa wema, "Kidogo hutolewa wapi? Kwenye kikubwa! Sijasahau, mwalimu."

Mtu wa nyuma akacheka, wa pili akafuata. Mama Kikubwa alihisi masikio yakiwaka moto. Angemchukia mtoto ingekuwa rahisi, lakini mtoto alikuwa amesimama pale anangoja asifiwe.

Mkuu alikohoa. "Ndugu zangu, ndiyo maana nilisema darasa la pili lipate mtu mwenye mbinu mpya. Hili sasa liko wazi."

"Liko wazi?" Mama Kikubwa alisimama, dawati likamng'ang'ania kiunoni, akalisukuma. "Mkuu, huu wimbo nilizaliwa nao? Nilipofika hapa, binti kama huyu mgeni, nani aliniambia watoto hawa hawaelewi, waimbishe tu?"

"Hayo ni ya kale, mama."

"Ya kale! Huyu mtoto ni wa kale? Wewe ulinipa wimbo, wakaguzi wakanipigia makofi, leo mnanicheka mimi peke yangu! Na wewe kijana," akamgeukia mwezeshaji, "na vijiti vyako vizuri. Miaka yote hii mlikuwa mmevificha wapi?"

"Mama, hata mimi niliimbishwa," alisema mwezeshaji. "Na sikuja kumhamisha mtu."

Mama Kikubwa aliliendea boksi. Alichota vijiti, akampa msichana mafungu matano na vijiti viwili.

"Nipe nane."

Msichana alitazama vile viwili, akatazama mafungu. "Haitoshi, mwalimu."

"Nimesema nipe."

"Nifungue fungu?"

"Unaniuliza mimi? Vijiti ni vyako."

Akafungua. Akahesabu nane, akampa. Vikabaki vinne.

"Sasa nipe mafungu matatu."

Akatoa. Likabaki fungu moja na vijiti vinne. Msichana alivitazama, akatazama karatasi yake ukutani, fahari ikamtoka usoni polepole.

"Mwalimu, ipi ya kweli?"

Mama Kikubwa akamwinamia.

"Ya vijiti. Ule wimbo nilikudanganya nao. Na wao walinidanganya mimi. Nenda kwa wenzako, mwanangu, nitakuja kuwaona wote."

Mlango ulipofungwa, mkuu alianza tena habari ya mabadiliko, lakini mwalimu mgeni alinyoosha mkono.

"Samahani, mkuu. Mimi hilo darasa silitaki. Wimbo huo na mimi nilikwisha kuuandika kwenye andalio langu la somo. Ningeimba vilevile, tena kwa sauti mbaya."

Safari hii kicheko kilimpata mkuu. Akasema mambo hayo yatazungumzwa kwenye kikao, wanywe chai kwanza.

Mama Kikubwa hakuigusa chai. Hasira zilikuwa bado hazijapata pa kukaa. Zilimtoka kwa mkuu zikamrudia mwenyewe, zikaenda kwa wakaguzi, zikarudi tena. Alikusanya vijiti, akavifunga kumi kumi, akalibana boksi kwapani na kuelekea mlangoni.

"Mama," mwezeshaji aliita, kikombe mkononi, "hivyo ni mali ya semina. Navitaka mchana."

"Ukivitaka," alisema bila kugeuka, "nipo darasa la pili."