Ekzosi ya Lomayani na ndama wangu

Ndama wangu kaponea chupuchupu leo!

Mwanangu Lomayani, mtu mzima na cheti chake cha ufundi, pikipiki yake ya mashindano imegoma kupanda mlima. Kaifungua ekzosi, lile bomba la moshi, kaikwaruza na waya asubuhi nzima.

"Mama, hii ekzosi imekufa. Tuuze ndama ninunue nyingine."

Nikachungulia. Masizi ya oili tu, yameiziba!

"We, kibuyu cha maziwa tunakisafisha kwa waya au kwa kaa la moto?"

Akaweka waya chini.

Nikaiweka motoni mwenyewe. Masizi yakawaka, tukaigonga, yakamwagika ndoo nzima.

Sasa pikipiki inapanda mlima, inasikika mpaka kule Olasiti, na yeye anawaambia majirani eti ndivyo alivyofundishwa chuoni.

Chuo gani hicho? Aliyesoma huko anijibu hapa.