Anayepokea Zamu ya Kaka

Naomba radhi kwanza kwa mwandiko huu na kwa makosa ya herufi. Shule ya msingi niliisomea Tanzania, kabla familia yetu haijarudi Rwanda, na sikuendelea. Naandika polepole. Ukurasa mmoja huweza kunichukua jioni mbili. Kaka yangu ndiye aliyeniomba niandike, na sababu yake mtaiona.

Tunaishi Kabeza, mtaa ulio karibu na uwanja wa ndege, ambapo ndege zikishuka watu huacha kuongea kidogo, kisha huendelea. Baba alifariki zamani. Kaka ni askari, na mwaka jana kikosi chake kilipelekwa kulinda barabara katika nchi nyingine ya Afrika. Dada yetu alikuwa amepata mchumba. Siku ya gusaba, yaani siku wakwe wanapokuja kumwomba binti mbele ya watu, kaka ndiye aliyepaswa kusimama mahali pa baba.

Kaka alisema kwa simu, "Labda mwisho wa mwezi tutakuwa tumerudi." Mama aliliacha hilo "labda" palepale kwenye simu. Sababu yake ilikuwa umuganda. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tunapotoka kufanya kazi ya mtaa, askari wanaokuja kutusaidia huwa wameshafika, na mtaro umeshachimbwa nusu, sisi tukiwa bado tunatafuta majembe. Mama alisema jeshi halichelewi. Akapanga siku, kadi zikachapishwa.

Mimi nashona viatu kwenye kibanda, mtaa wa Remera. Jeshi nalijua kwa upande wa soli. Buti la askari huisha kisigino sawasawa pande zote mbili, kwa kuwa anatembea sana na anatembea vizuri. Jirani yangu pale kibandani ni Mtanzania anayeuza chaja za simu. Siku moja alikuwapo mzee mmoja, askari mstaafu, amekaa na soksi moja akingoja kiatu chake. Jirani akamwanza.

"Mzee, nchi yenu mtu anaimaliza kwa pikipiki kabla ya chakula cha mchana. Halafu mnapeleka askari kwa watu! Nyumbani anabaki nani?"

"Ndogo, ndiyo. Lakini tunaamka mapema. Nyinyi wakubwa mnaamka saa ngapi?"

"Sisi tuna bahari. Meli yenu ya vita iko wapi?"

"Tuipaki wapi, kwenye mtaro wa Kabeza?"

Walicheka wote wawili. Mimi sikuinua uso, lakini nilimuuliza mzee kama kikosi kinaweza kurudi siku iliyopangwa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumuuliza mteja jambo lisilohusu kiatu.

Mzee akajibu. "Bwana mdogo, kutembea tunaweza. Kulala kwenye mvua tunaweza. Tukiambiwa tulinde daraja, litalindwa. Lakini ndege za kubeba watu wengi ni chache. Na askari haondoki mpaka anayempokea zamu afike, na huyo anayempokea anakuja na ndege ileile. Ndege moja ikikwama, wote wanangoja."

Nilirudi nyumbani nikamweleza mama. Akasema fundi viatu hawezi kujua mambo ya jeshi.

Siku nne kabla ya sherehe kaka alipiga simu. Ndege ilikuwa inatengenezwa. Hakulalamika. Alisema tu kwamba wenzao hawajafika, na barabara haiwezi kuachwa bila mtu. Mama akasema kadi zimeshagawiwa, siku haiwezi kusogezwa. Dada akasema hatatoka chumbani siku ya gusaba mpaka neno la kumtoa liwe limesemwa na mtu wa nyumba ya baba yetu. Hakutaka lisemwe na msemaji wa kukodi. Akanitazama.

Niliandika maneno yangu kwenye karatasi kwa jioni tatu. Jumamosi nilifungwa kitambaa begani, nikapewa fimbo. Wageni walijaa chini ya hema. Msemaji wetu, kama ilivyo desturi, akaanza kuwawekea wakwe vikwazo.

"Binti hatumtoi. Kaka yake analinda nchi ya watu. Ngojeni arudi aseme mwenyewe."

Msemaji wao akajibu, "Basi tumtumie ndege!"

"Mnayo?"

"Tuna pikipiki, na mafuta yamejaa!"

Watu walicheka sana. Kwa msemaji wao ulikuwa mzaha wa kawaida, nadhani hata hakujua alikuwa amegusa wapi. Mama hakucheka. Pazia la mlango wa chumba cha dada halikutikisika.

Kicheko kilipokwisha, nilisimama. Nilifungua karatasi, lakini mwandiko wangu mwenyewe sikuweza kuusoma. Nikaikunja. Nikasema:

"Kaka hayupo. Anayempokea hajafika, na hawezi kuiacha barabara. Hapa nyumbani zamu yake nimeipokea mimi. Dada aende."

Nikakaa. Ngoma zikaanza, pazia likafunguliwa, na dada akatoka.

Kaka alirudi wiki tano baadaye. Alilala siku nzima, kisha akaomba kuiona sherehe kwenye simu ya mama. Picha ilionyesha mdomo wangu ukifunguka, lakini aliyerekodi alikuwa mbali, na sauti yangu haikufika. Akauliza, "Ulisema nini?" Mama alikumbuka neno moja tu. Mimi nilishindwa kuyarudia maneno yangu mbele yake, akiwa amekaa pale, amekonda, miguu mitupu. Buti zake zilikuwa mlangoni, visigino vimeisha sawasawa.

"Basi niandikie," alisema.

Nimemwandikia. Na ninyi mnaosoma, kama mna mtu wenu aliyewahi kungoja ndege ya namna hiyo, niandikieni mlivyofanya nyumbani siku alipokosekana. Nitajibu, ingawa nitachelewa.