Ubeti wa Dzreke

Dzatugbui alilima vitunguu, na alikuwa na wazimu wa mashairi. Akiteka maji kisimani, akiyapeleka kwenye matuta, akirudi na ndoo tupu, midomo ilikuwa ikicheza tu. Mstari ukimkalia sawasawa aliipiga ndoo kwa kiganja, na jirani wa tuta la pili akajua kuna mtu wa mtaa wa Ziwani kapatikana. Mumewe alishazoea kula mchuzi wa bamia ulioungua. Alilalamika miaka ya kwanza, kisha akachoka.

Yeye ndiye aliyeutungia mtaa wa Pwani nyimbo za halo. Kila kiangazi mitaa miwili ya kijiji chetu, Pwani na Ziwani, ilitukanana kwa ngoma, na si matusi ya ulevini: matusi yaliyopikwa yakaiva, yenye vina, yenye ukweli ndani yake. Mtaa mmoja ukiimba, mwingine husikiliza. Anayetukanwa huleta kigoda chake mwenyewe, hukaa mbele, hainamishi kichwa. Jibu lake litakuja zamu yao ikifika. Wapo wanaosema siku hizi kwamba ule ulikuwa mchezo tu. Hao hawajawahi kutukanwa na Dzreke.

Dzreke alikuwa mtunzi wa Ziwani, mwanamume mzuri na anajijua. Mwaka ule aliacha watu wazima wenye nguvu zao akamwimba mama yake Dzatugbui, bibi kizee mwenye mguu uliovimba. Wapiga ngoma wake walichechemea huku wanapiga. Bibi alikaa kwenye kigoda mpaka mwisho, kidevu juu. Baada ya hapo kila alipotoka nje watoto walimfuata wakichechemea, akaacha kutoka. Alikufa kabla ya mvua, na neno lake kwa binti lilikuwa moja.

"Usimwache hivi hivi yule."

Dzatugbui hakulia sana msibani. Hasira ilimkausha machozi. Alirudi kwenye matuta akaanza kutunga, na safari hii hata ndoo hakuipiga. Ubeti aliompikia Dzreke ulihusu baba yake, jinsi alivyojificha ndani ya mtego wa samaki siku ya vita akatolewa na wanawake. Alipouimba mara ya kwanza mbele ya kundi lake, mazoezini, nyuma ya minazi, Anumu mpiga ngoma mkubwa alianguka chini akashika mbavu.

"Dada, umemuua! Huyu hataoa tena!"

Mwenyewe alijua. Alikuwa hajatunga kitu kama kile tangu azaliwe. Usiku aliurudia kimoyomoyo kama mtu anayelamba vidole baada ya kula.

Siku moja alipita na vitunguu vyake karibu na uzio wa Dzreke akamsikia anaimba. Aliimba matusi aliyotungiwa zamani na mtunzi wa Pwani aliyekwisha kufa, ubeti hadi ubeti, anacheka, anawaambia wake zake, "Sikieni hapa, hapa ndipo pazuri! Na huyu mama vitunguu naye sasa ananipikia. Nimeshonesha nguo mpya kabisa."

Dzatugbui alisimama na kikapu kichwani. Kumbe matusi kwake ni karanga! Atatukanwa, atapata sifa, watoto wa watoto wake watauimba ule ubeti wa mtego na jina la Dzreke litakuwa ndani yake, tena katika ubeti mtamu kuliko yote.

Jioni akaliambia kundi, "Dzreke tunamtoa."

"Tunamtoa wapi?" Anumu aliuliza.

"Kwenye wimbo. Hatumtaji."

"Wee dada! Mama yako je?"

"Ni kwa ajili ya mama yangu."

"Basi tupe sisi ule ubeti, tuuimbe wenyewe."

"Atakayeufungulia mdomo," alisema Dzatugbui, "kiangazi kijacho nitamtungia yeye." Hakuna aliyebisha tena, lakini Anumu alisonya njia nzima.

Zamu ya Pwani ilipofika, Dzreke alikuja mapema. Nguo mpya, mafuta ya nazi yanang'aa mabegani, kigoda katikati kabisa ya mstari wa mbele. Dzatugbui akaanza. Alimwimba mzee wa mtaa na tumbo lake. Alimwimba kaka yake Dzreke anayeiba nyavu. Aliwaimba wake za Dzreke, mmoja mmoja, bila kusema ni wake za nani. Hata jogoo wa jirani yake Dzreke alimwimba. Kila ubeti ulipoanza Dzreke alijiweka sawa na kunyoosha shingo, na kila ulipokwisha shingo ilirudi. Watu wakaacha kuwacheka walioimbwa wakaanza kumtazama yeye. Ngoma ya mwisho ilipotulia, alisimama.

"Na mimi?"

Uwanja mzima ulilipuka. Hata Ziwani walicheka, watu wake mwenyewe, wanafuta machozi. Dzatugbui hakugeuka. Alikuwa anafunga kanga yake kiunoni vizuri, na roho yake ilikuwa imesuuzika kama haijawahi.

Wiki haikuisha Dzreke akaja kwenye matuta. Watoto walikuwa nyuma yake wananyoosha shingo na kuuliza, "Na mimi? Na mimi?" Aliwafukuza, akapiga magoti pembeni ya maji.

"Dada, nimesikia upo ubeti. Wa baba yangu. Wanasema ni mzuri sana."

Dzatugbui aliendelea kumwagilia.

"Mimi pia ni mtunzi, unajua hali yetu. Niimbie mimi tu. Mstari mmoja. Nitukane, dada, nakuomba."

Ubeti ulimjaa kinywani, wote, na vina vyake vyote. Katika kijiji kile ni mtu mmoja tu ambaye angeusikia jinsi yeye alivyousikia, na ndiye huyu, kapiga magoti topeni. Akaumeza kama mwiba wa samaki.

"Sogea, kaka," alisema. "Umekanyaga vitunguu vyangu."