Kopo Lililobonyea Chini

Binti yangu aliondoka asubuhi na jina nililompa mimi, akarudi mchana na jina walilompa darasani: Kumi na Mbili. Batoto walipita mbele ya kibanda changu sokoni Kamembe wakiliimba, na yeye yuko nyuma yao, amekumbatia mkoba kifuani, anatembea kama muntu aliyebeba mayai.

Nilimuuliza ni nani aliyeanza kumwita hivyo. Akasema ni Mwalimu.

Nikafungua daftari. Katikati ya ukurasa kulikuwa na hesabu moja: 8 + 4 = kisanduku kitupu, halafu + 5. Ndani ya kisanduku binti yangu alikuwa ameandika 12, kwa mwandiko mzuri, maana mwandiko anao. Mwalimu alikuwa ameizungushia kalamu nyekundu mpaka karatasi ikatoboka. Halafu, nilivyokuja kuelezwa, alimwita ubaoni aiandike tena, kubwa, ili wote waone, akauliza darasa kama kumi na mbili ukiongeza tano inabaki kumi na mbili. Darasa likacheka. Mwalimu naye akacheka, akamwambia: rudi ukae, Kumi na Mbili.

Hesabu yenyewe ni ndogo. Kushoto ni kumi na mbili, kwa hiyo kulia nako lazima kuwe kumi na mbili, na kisandukuni inaingia saba. Lakini hawa batoto tangu darasa la kwanza, primaire ya kwanza, walikuwa wamefundishwa hesabu za upande mmoja tu. Tatu jumlisha mbili, vimistari viwili, jibu. Vile vimistari wanavitaja kwa Kiingereza, na kwa mtoto maana yake ilikuwa moja: hapa ndipo unaandika jibu. Nani aliwahi kumwambia kwamba vinasema huku na kule ni kiasi kimoja? Aliyepaswa kumwambia ndiye huyo aliyesimama anacheka.

Nilikwenda shuleni kesho yake na kanga ya sokoni kiunoni, na vumbi la maharage mikononi. Sikuoga kwa ajili ya Mwalimu. Nilimzaa binti yangu nikiwa bado sekondari, nikarudi nikamaliza na maziwa yanalowesha sare, kwa hiyo sitishwi na muntu kwa sababu ameshika chaki. Nilimwambia yote niliyokuwa nayo. Alingoja nimalize. Ni mwanamke wa umri wa dada yangu mkubwa, mtulivu, na kila Jumamosi alikuwa ananunua maharage kwangu.

"Maman," akasema, "mtoto wako akiona ile alama anasimama, kama pikipiki mbele ya barie ya polisi. Hafikiri cha ng'ambo. Nitawapa jaribio lingine wiki ijayo. Akikosa, atarudia mwaka."

Nikamuuliza kama na jina nalo litarudia mwaka. Akaniambia batoto wana utani wao.

Basi nikaamua kumfundisha mwenyewe. Sitajisifu. Nilimfundisha vibaya, kwa hasira ya kumshinda yule mwanamke, na hasira ile yote ilikuwa inatua kwenye mikono ya mtoto wa miaka tisa. Kila alasiri, wateja wakipungua, nilitandika gunia chini nyuma ya kibanda, nikaweka fimbo katikati, nikahesabu maharage huku na huku. Kushoto nane na nne. Kulia tano, na nafasi tupu. Nikamwambia ajaze mpaka pande zote mbili zitoshane. Siku ya kwanza alijaza kumi na mbili. Nilimpiga vidole kwa kile kijiti ninachopangusia juu ya kopo la kupimia. Siku ya pili pia. Jirani yangu wa nyanya aliniambia niache, mtoto si punda. Nikamjibu auze nyanya zake.

Siku ya tatu alikaa akiangalia yale maharage muda mrefu, mikono chini ya mapaja ili nisiifikie. Halafu akachukua punje saba, moja moja, akaziweka kulia, akarudi nyuma. Nikabadilisha namba, akaweka sawa. Nikabadilisha tena, nikaweka nafasi tupu upande wa kushoto ili nimtege, akaweka sawa. Akaniuliza kama akiondoa mbili huku na mbili kule bado zitatoshana. Nikamwambia aondoe aone. Akaondoa, akaona, akacheka peke yake. Hilo mimi sikuwa nimemfundisha. Nilipaswa kumkumbatia. Nilimwambia akusanye maharage, mteja amefika.

Asubuhi ya jaribio, nikimfunga viatu, nikampa shauri ambalo mpaka leo linanichoma.

"Usimfikirie Mwalimu," nikamwambia. "Fikiri kibanda. Kushoto ni kwetu, kulia ni kwa mteja. Mteja lazima apate chake kamili."

Sasa lazima niseme habari ya kopo, maana bila kopo hakuna hadithi.

Sokoni mizani ipo, kwa wanaonunua gunia. Anayenunua maharage ya kupika jioni anapimiwa kwa kopo. Kopo langu lina kitako kilichobonyea kwenda ndani. Nilikigonga mwenyewe kwa jiwe, kidogo kidogo, mpaka kikala kiganja kimoja cha maharage. Wengi wanafanya. Unalijaza mbele ya mteja, unapangusa juu, unamwaga kwenye mfuko wake. Halafu, kabla hajafunga mfuko, unachota kiganja kimoja kikubwa, unamwongezea na tabasamu. Hiyo tunaiita matabishi, zawadi ya juu. Mteja anafurahi, anarudi wiki nyingine, anawaambia wenzake yule maman ana moyo. Mimi ninamrudishia kilicho chake, na yeye ananishukuru. Wale ninaowaona wajinga, au wanaoharakisha kuvuka daraja la mpakani kurudi Bukavu, siwarudishii.

Binti yangu alikuwa anajaza hilo kopo tangu ana miaka sita. Sikuwahi kumwambia chochote kuhusu kitako. Nilidhani haoni.

Siku mbili baada ya jaribio Mwalimu aliniita. Niliwakuta wamama wawili wamekaa kwenye benchi ukutani, nao wameitwa kwa ajili ya batoto wao, na wote wawili ni wateja wangu. Binti yangu alikuwa amesimama kando ya meza. Mwalimu akanisukumia karatasi.

Hesabu kumi. 9 + 3 = kisanduku + 4, yeye ameandika 9 badala ya 8. 6 + 5 = kisanduku + 2, ameandika 10 badala ya 9. Zote kumi hivyo hivyo. Kila mahali imezidi moja, si mbili, si tatu. Moja.

Hata mimi niliona kwamba hiyo si akili ya muntu anayebahatisha. Mwalimu naye alikuwa ameona. Alimwambia binti yangu anieleze kile alichomweleza yeye.

Mtoto aliniangalia kwanza. Aliniangalia kama anaomba ruhusa, na mimi, mjinga, nikamwambia sema.

"Kushoto ni kwetu," akasema. "Kulia ni kwa muntu anayenunua. Nikiweka nane zinaonekana zimetoshana, lakini kopo letu limebonyea chini. Lazima niongeze moja ndiyo ziwe sawa."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anavyosema anga iko juu. Kwenye benchi, mmoja wa wale wamama aliacha kunyonyesha.

Mwalimu aliegemea kiti. Yule hakuwa mjinga. Alikuwa anahesabu kimya kimya Jumamosi zake zote. Ninamkumbuka alivyokunja mikono juu ya meza, polepole, kama mwenye siku nzima.

"Maman," akasema, "kama hili ni kweli, basi huyu mtoto ameelewa kuliko darasa langu lote. Ni kumwambia tu kwamba karatasini hakuna kopo, na nitampandisha primaire ya nne leo hii. Lakini kama ni uongo, hajui kitu, anajitungia, na atarudia. Wewe ndiye unayejua. Ni kweli?"

Angeweza kuniuliza tukiwa wawili. Angeweza kumpa mtoto hesabu nyingine, akamwambia asahau kibanda, akajionea mwenyewe kwa dakika mbili. Alikuwa mwalimu, hiyo ndiyo kazi yake. Hakufanya. Alitaka nilipe pale pale, mbele ya lile benchi, na alijua bei.

Na mimi nilijua. Neno moja, ndiyo, na mtoto wangu anapanda. Neno hilo hilo, na kufika saa tisa soko lote lina habari, wanapita mbele ya kibanda changu wanageuza makopo yangu juu chini.

"Anadanganya," nikasema. "Huyu mtoto ana uongo tangu zamani."

Nilidhani atalia. Nilikuwa tayari kwa machozi, hata ningemzaba kofi ili yaanze. Hakulia. Aliangalia karatasi yake, kisha akaangalia mikono yangu, si uso, mikono. Mwalimu akachukua kalamu nyekundu akaandika alichoandika. Akanishukuru kwa kufika.

Njiani nilimnunulia andazi. Alilishika mpaka nyumbani bila kulila.

Orodha ya matokeo ilipobandikwa shuleni, jina lake lilikuwa chini, kwa wanaorudia. Batoto walikimbia wakamsomea kabla hajafika ukutani. Nilisimama ng'ambo ya barabara nikasikia Kumi na Mbili inaimbwa tena. Nilitaka kuwavunja meno wote, na nilijua fika kwamba meno ya kwanza kuvunjwa yangekuwa yangu.

Likizo kubwa alikaa nami kibandani. Hakunikatalia kazi hata siku moja. Ila alikuwa ameacha kuongeza kiganja mwenyewe. Analijaza kopo, anapangusa, anamwaga kwenye mfuko wa mteja, halafu anasimama na mkono wazi juu ya gunia, ananiangalia.

"Maman, hapa ni ngapi?"

Kwa sauti ya kawaida, kila mteja akisikia. Ikabidi nijibu: moja. Mwongezee moja. Hata wale wanaoharakisha kuvuka daraja, hata wale wajinga. Kwa siku moja nilijibu zaidi kuliko nilivyojibu sekondari yote. Nilimwonya. Nikamfinya chini ya meza. Akaendelea kuuliza.

Jumamosi moja Mwalimu akaja. Tangu siku ile alikuwa ananunua kwingine, ninajua, nilimwona. Safari hii alikuja na kopo lake mwenyewe kutoka nyumbani, jipya, kitako bapa kama meza. Hakunisalimia mimi. Alimpa binti yangu.

Mtoto aliligeuza, akapitisha kidole chini yake, taratibu, kama daktari. Akalijaza. Akapangusa kwa kijiti. Akamwaga mfukoni, akafunga mfuko, akamkabidhi.

Mwalimu alibaki amesimama. Mazoea ni mazoea, alikuwa anangoja kiganja cha juu.

"Hili lako halidai kitu, Mwalimu," binti yangu akamwambia. "Tayari ziko sawa."

Mwalimu akaniangalia mimi, nami nikamwangalia. Orodha ilikuwa imekwisha kubandikwa, mvua ilishaanza kuifuta, na hakuna kati yetu aliyesema lililopaswa kusemwa. Akachukua maharage yake akaenda.

Mteja aliyefuata alikuja na mfuko mtupu. Nikamsukumia binti yangu kopo letu. Akalijaza, akapangusa, akamwaga. Akaweka mkono wazi juu ya gunia, akaniangalia, akangoja.