Kadi ya Mama

Ofisini walimwita Bi Mpangilio, na jina lilimkaa sawasawa. Mezani kwake hukuti karatasi imelala ovyo, na ukimweleza jambo mara ya pili anakukatiza kwamba ameshaliandika. Kazi yake ilikuwa kubuni programu za simu za kuwasaidia watu kutunza mambo yao: namba, picha, miadi, vyeti. Alikuwa na msimamo mmoja na hakuna aliyemtoa hapo. Kila habari ikae mahali pamoja, na iwe ya kweli. Mwenzake akimletea mchoro uliojaa vitufe, anaufuta mbele ya macho yake bila hata kumpa pole.

Ukali huo haukutoka hewani, jamani. Alilelewa na baba fundi majokofu aliyeandika namba za wateja ukutani, kiganjani, nyuma ya risiti, na akiitaka namba hata moja haioni. Kumbukumbu ya nyumba ile ilikuwa mama. Mzee akiuliza miwani iko wapi, mkewe anamjibu kutoka jikoni, bila hata kugeuka, kwamba iko kichwani kwake. Watoto wanaangua kicheko, naye anaivaa kimyakimya.

Mama akafariki ghafla, na mzee akaanza kupotea. Yalianza kumtoka majina, zikafuata siku, mwisho hata njia ya kutoka chooni kurudi chumbani ikawa mtihani. Daktari alisema ugonjwa huo wa kusahau haurudi nyuma. Shangazi, dada yake mzee, akahamia pale kumwangalia. Bi Mpangilio naye akafanya lile analolijua: akamtengenezea baba yake programu yake peke yake.

Na kusema haki, ilikuwa kazi safi. Kila mtu wa nyumbani alikuwa na kadi yenye picha kubwa, jina, na mahali alipo sasa. Chini ya picha kulikuwa na kitufe kimoja chekundu. Mzee akikibonyeza anaongea, na simu inatunza maneno yake, ili asisahau alichozungumza na mtu yule. Kila asubuhi, chai ikishawekwa mezani, simu inamsomea kadi zote kwa sauti ya binti yake aliyeirekodi mwenyewe. Huyu ni dada yako, unaishi naye. Huyu ni binti yako, huja jioni akitoka kazini. Huyu ni mke wako, amefariki, amezikwa karibu na wazazi wako.

Ofisini waliisifu mpaka basi. Kumbe nyumbani ilikuwa matanga yasiyoanuliwa. Shangazi alivumilia, akachoka, akamweleza binti wa kaka yake kwamba kila asubuhi mzee anafiwa upya. Anajifunika uso kwa shuka, anauliza nani alimzika, mbona yeye hakuitwa. Mchana amesahau, na kesho simu inampiga palepale.

"Hiyo mashine yako haina huruma," Shangazi alisema. "Itoe hiyo habari, mwanangu. Mwache kaka yangu apumue."

Bi Mpangilio alibisha. Kumficha mtu habari zake mwenyewe, alisema, ni kumwibia. Lakini akalala pale siku moja, na asubuhi akashuhudia kwa macho yake. Sauti yake mwenyewe, tamu, isiyo na haraka, ikamwambia baba yake kwamba mke amefariki, na kikombe kikamponyoka mzee mkononi. Siku ileile aliyafuta yale maneno. Akabakiza picha, jina, na kwamba huyu ni mke wako. Mahali pa kusema yuko wapi akapaacha wazi.

Nyumba ikatulia. Mzee alikunywa chai yake yote, Shangazi akashukuru, na Bi Mpangilio akajipa moyo kwamba pengine programu nzuri ni ile inayojua kunyamaza. Moyo ulimsuta, lakini ni nani asiyependa kumwona baba yake akishiba?

Jioni moja Shangazi akamwambia simu ya mzee imejaa, haipokei kitu tena. Bi Mpangilio akaketi jikoni kwenye kigoda, akafungua kadi moja baada ya nyingine. Zote hazikuwa na sauti hata moja, isipokuwa ya mama. Pale zilijaa sauti, anashuka nazo chini na bado haziishi. Akabonyeza moja.

"Mke wangu," baba yake alikuwa akinong'ona, "najua umekasirika. Sijui nilikukosea nini, kichwa changu siku hizi hakishiki kitu. Wewe rudi tu, utanisema hapahapa nyumbani."

Akabonyeza nyingine. Ilikuwa ni ileile, rudi, nisamehe, watoto hawaniambii uko kwa nani. Mzee alidhani kitufe kile kinampelekea mkewe sauti. Nani alikiweka pale? Ni yeye. Na nani aliacha pengo ambalo mtu mwenye akili zake nusu angelijaza kwa kujilaumu? Ni yeye pia. Alilia mpaka kwikwi zikambana.

Alimkuta baba yake ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa shati la kutokea na viatu. Akachuchumaa mbele yake, akamshika mikono.

"Baba, mama alifariki. Hakukuacha."

Mzee akainua uso.

"Hakuwa amenikasirikia?"

"Hapana, baba. Hata kidogo."

"Afadhali," mzee akasema, na machozi yakaanza kumtiririka. "Nilidhani nimemkosea."

Wakalia pamoja, Shangazi amesimama mlangoni na taulo ya kumfuta uso kaka yake. Baadaye wakamvua viatu, wakamlaza.

Kesho yake Bi Mpangilio alipitia pale kabla ya kwenda kazini. Simu ilikuwa imezimwa, imewekwa juu ya kabati. Shangazi akaleta chai. Mzee akatazama viti, akatazama mlango, kisha akamgeukia binti yake.

"Mama yako yuko wapi?"

Bi Mpangilio akavuta kiti karibu, akamshika mikono, akaanza upya.